Sahani Iliyokawia Kurudi

Ko. Kisha ko-ko-ko.

Barafu zilidondoka ndani ya friji huko jikoni, gizani, na Badria akashtuka kama aliyegongewa mlango. Halafu akacheka peke yake ndani ya blanketi. Mgeni atoke Houston saa hizi, afike hapa Carrollton kabla ya jua, tena apitie ndani ya friji?

"Umeanza wazimu, mwana wa Abdulhafidh," alijinong'oneza.

Pembeni yake Afnan, binti yake wa miaka mitano, alikuwa kalala kimshazari, mguu mmoja juu ya tumbo la mama yake. Chumba cha pili alilala Bi Nusra, mama yake Badria, na kikohozi chake chepesi kilichotangulia kila alfajiri kilikuwa bado hakijasikika. Nyumba nzima ilikuwa imetulia. Yeye tu ndiye aliyekuwa hajatulia, kwa sababu leo Muzammil anakuja.

Anakuja! Si sauti tena kwenye simu ya usiku. Si maandishi ya kuchekeshana. Anakuja mwenyewe, kwa miguu yake, kupitia mlango wa mbele, kumwambia Bi Nusra kwamba anataka kuleta wazee wake kumposa Badria kabla Ramadhani haijaingia.

Na Bi Nusra hajui bado kwamba huyo mgeni ni mtoto wa nani.

"Mtu wa Unguja, anakaa Houston, anahudumia wagonjwa wa figo," Badria alimwambia wiki iliyopita. Bi Nusra akauliza, "Ukoo gani?" Badria akakumbuka ghafla kwamba kuna nguo kwenye mashine. Alipoulizwa tena siku ya pili, akakumbuka takataka. Nyumba ile haijawahi kuwa safi namna ile.

Usingizi ulikuwa umeshakataa. Akaivuta simu, akapunguza mwanga usimwamshe mtoto, akafungua pale alipozoea kufungua kila siku: Marlby ya Zamani. Lilikuwa kundi la watu waliotupia picha za mji mdogo wa soko huko Uingereza, mji ambao Badria alihamishiwa akiwa hajui hata kufunga vifungo vya koti, na akaondolewa akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Watu wengi kundini walikuwa wazee wa Kizungu wakibishana duka la nyama lilikuwa upande gani. Badria aliingia kwa upweke tu, baada ya baba yake Afnan kumwacha na kuhamia Ohio. Alitaka kuona tena ule uwanja wa mawe, vibanda vyenye paa za turubai zenye mistari, vipande vya viazi vilivyonyunyiziwa siki hadi karatasi ikalowa, mnara wa saa uliochelewa siku zote na hakuna aliyeusahihisha.

Na kiangazi kilichopita, chini ya picha ya kibanda cha matunda, aliandika kwa Kiswahili, akijiambia hakuna atakayeelewa: "Hapa ndipo nilipopewa tofaa la bure na kijana nisiyemsahau."

Jibu la Muzammil lilikuja kabla hajaweka simu chini. "Halikuwa la bure. Nilikatwa kwenye mshahara wangu. Badria, ni wewe?"

Lo, usiku ule alivyolia na kucheka!

Sasa, katika giza hili, kulikuwa na picha mpya. Marlby ilikuwa karibu adhuhuri, na mzee Hollis, aliyekuwa akiuza matunda huku kamera inaning'inia shingoni, alikuwa amefukua boksi jingine kutoka darini. Soko la Ijumaa, aliandika, mwaka ule mnara ulipozungushiwa vyuma vya mafundi.

Badria alikaa kitako. Mwaka wa vyuma ndio mwaka waliohama.

Akaikuza picha kwa vidole viwili. Matofaa. Kofia ya mzee Hollis mwenyewe, mpiga picha, ikiakisiwa kwenye kioo cha duka. Nyuma kabisa, duka la viatu, na ubavuni mwa duka mlango wa buluu. Mlango wao! Juu yake madirisha mawili ya nyumba yao, matupu, mapazia ya manjano ya Bi Nusra yameshatolewa. Na mbele ya mlango alisimama mwanamke, mgongo umeelekea kamera, mtandio mweupe kichwani, koti la kijani la kiume limemfika magotini. Mkono mmoja umeinuliwa kubisha. Mkono wa pili umebeba sahani iliyofunikwa kitambaa.

Badria aliziba mdomo. Kisha, bila kufikiri, akatoka kitandani, akajifungia bafuni, akapiga simu.

"Umeshaanza kunikumbuka?" Sauti ya Muzammil ilikuja pamoja na mvumo wa barabara. "Nimewahi kutoka. Nimeshapita Huntsville."

"Una-drive? Simama."

"Kuna nini? Mama yako amekataa?"

"Mama yangu bado amelala. Simama, Muzammil, tafadhali. Nimekutumia picha. Usiitazame huku unaendesha, utakufa nami niachwe na hii habari peke yangu."

Akacheka. Badria akasikia gari likipunguza mwendo, kiashirio kikilia tiki-tiki, kisha injini ikazimwa.

"Muzammil?"

"Hilo koti la baba." Sauti ilikuwa imebadilika. "Mama alikuwa hana koti lake mwaka ule. Badria, huyu ni mama yangu."

"Najua."

"Alikuja kwenu."

"Alikuja," Badria alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Na sisi tulikuwa tumeshaondoka. Tazama madirisha."

Maana hapo ndipo penye kisa chote. Katika Marlby nzima familia za Kizanzibari zilikuwa mbili tu: ya Bi Nusra na ya Bi Zuwena, mama yake Muzammil, ambao baadaye nao walihamia Houston. Wanawake wale walifanya kazi pamoja nyumba ya kutunzia wazee, wakagawana tui la paketi, wakasukana nywele Jumapili. Ndugu wa tumbo moja hawakuwashinda. Ikaja Idi. Bi Nusra na mumewe walifuata tangazo la Makka, wakala Idi Alhamisi. Mume wa Bi Zuwena, Mzee Ngwali, akasema yeye hali Idi ya redio. Mwezi hakuuona, funga inaendelea. Bi Nusra, kwa furaha yake, akapakua pilau kwenye sahani yake ya maua, aliyoachiwa na marehemu mama yake, akamtuma Badria aipeleke. Adhuhuri. Kwa watu waliofunga.

Mzee Ngwali ndiye aliyefungua mlango. Aliitazama pilau inavyofuka moshi, akasema, "Mwambie mama yako kwetu hapa bado ni Ramadhani." Akaipokea sahani, akafunga mlango.

Bi Nusra alipoambiwa, aliona ameitwa mla mchana mbele ya mwanawe. Hata hivyo alingoja. Sahani ya jirani hairudi tupu, na kesho ni Idi yao. Zuwena ataileta imejaa, watalia kidogo, yataisha. Ila jioni ile ile hasira zikampanda tena. Walikuwa na safari ya kuhamia Amerika, ndege ya Jumapili. Akamwambia mumewe, "Tuondoke usiku huu tukalale London. Sitaki kuonana nao." Na tangu hapo, kila Idi, huku Texas, lazima aseme: "Zuwena alikula sahani ya mama yangu."

"Badria," Muzammil alisema taratibu, "kuna kitu sikukwambia. Mama kanipa mzigo. Kaufunga kwa kanga, kautia kwenye boksi, kaniwekea kiti cha mbele na mkanda akaufunga. Kanikataza kuufungua. Kasema, 'Mpe Bi Nusra mkononi.'"

Badria alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Hakuthubutu kulitaja alilokuwa akilifikiria.

"Endesha polepole," alisema.

"Kwa ajili yangu au kwa ajili ya boksi?"

"Kwa ajili ya boksi. Wewe huvunjiki."

*

Jua lilipopanda nyumba ilinuka iliki na mafuta ya moto. Bi Nusra alikuwa kakaanga sambusa, kamimina mkate wa kumimina, kavaa dera lake la zambarau na kujifukiza udi mpaka kengele ya moshi ikalia mara mbili. Afnan alikuwa kapanda juu ya kochi, kabandika pua dirishani.

"Gari nyeupe, Mommy! He's here!"

Badria aliangalia kioo cha jiko, akarekebisha mtandio, akauharibu, akaurekebisha tena.

"Hodi!"

"Karibu, karibu," aliitikia Bi Nusra akienda mlangoni kwa tabasamu la kupokea wakwe.

Muzammil alisimama kizingitini na boksi mikononi. Badria alikuwa kamwona mara nyingi kwenye simu, lakini simu haikumwambia kwamba mabega yale yangeujaza mlango, wala kwamba macho yangemtafuta yeye kwanza, juu ya kichwa cha Bi Nusra, na yakimpata yatulie hivi. Alisahau kusalimu. Muzammil naye, muda mfupi tu, alisahau kilichomleta.

"Shikamoo, mama," alisema akizindukana.

"Marahaba, mwa..." Tabasamu la Bi Nusra likakatika. Alimsogelea, akainua kidevu. "Hiyo pua naijua."

Badria alifumba macho.

"Hiyo pua," Bi Nusra aliendelea, "ilinifungia mlango Uingereza. Wewe mtoto wa Ngwali!"

"Ndiye mimi, mama. Muzammil."

"Ala! Badria!" Bi Nusra aligeuka. "Ndiyo maana kila nikiuliza ukoo unakimbilia mashine ya nguo? Wanaume wote wamekwisha Texas?"

"Mama, ungejua usingemruhusu hata afike mlangoni."

"Naam! Nisingemruhusu!"

"Basi ameshafika. Mwache aingie, majirani wanatazama."

Kwa heshima ya majirani, Muzammil aliingia. Aliketi kwenye ncha ya kochi, boksi mapajani. Afnan alikuja kusimama mbele yake, akamchunguza pua kwa makini.

"Na huyo baba yako," Bi Nusra alisema bila kukaa, "bado anausubiri mwezi?"

"Bado, mama. Na Houston mawingu hayaishi."

Mdomo wa Bi Nusra ulitikisika. Akaudhibiti. "Sikuulizi unichekeshe. Sikiliza, kijana. Mimi sina ugomvi na wewe. Ulikuwa mtoto, ulikuwa ukiuza matofaa. Lakini mwanangu ameshatendwa mara moja. Sitamtia mkononi mwa watu niliowapelekea chakula cha Idi wakakidharau, wakakalia na sahani yangu. Nilikuwa sina ndugu mji ule. Nilikuwa na Zuwena. Unajua nilimngoja mpaka usiku?"

"Idi yao ilikuwa kesho yake, mama," Badria alisema. "Ulimngoja siku ya Idi yako. Yake ilikuwa bado."

"Na kesho yake alikuja nani? Nani?"

Badria akaenda jikoni. Aliichukua miwani ya mama yake juu ya friji, akamvisha mwenyewe, taratibu, kama anavyomvisha Afnan koti. Kisha akampa simu.

"Hii nini tena? Hiyo Marlby yenu? Nimekwambia mimi baridi ile sina hamu nayo." Lakini macho yalikuwa yameshaingia. "Huyu si Hollis? Alikuwa akinipunja zabibu. Ona mnara una vyuma... Huo mlango wetu."

"Kuza, mama. Kwa vidole."

"Madirisha mbona matupu?"

"Ni Ijumaa, mama. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa tumeshaondoka."

Bi Nusra alikuza. Jikoni mafuta yalikuwa yakipoa kwa vishindo vidogo vidogo. Badria aliona kidole cha mama yake kikisogea juu ya kioo, kikafika kwenye mtandio mweupe, kwenye koti la kijani, kwenye mkono uliobeba, kikakwama hapo.

"Zuwena huyu," alisema.

Akaisogeza simu karibu na miwani.

"Anabisha. Anabisha na sisi hatumo." Aliketi chini kwa kishindo. "Abdulhafidh aliniambia, Mungu amrehemu. Aliniambia, 'Nusra, subiri kupambazuke.' Nikasema sisubiri. Mimi ndiye niliyezitoa zile pazia, kwa mikono hii. Alibisha mlango usiokuwa na watu!"

"Alisimama mpaka soko likafungwa," Muzammil alisema kwa upole. "Kanieleza leo nilipompigia njiani: watu wa duka la viatu ndio waliomwambia mmehama. Alirudi nyumbani na chakula chake. Alitaka kukuandikia. Alikuwa hajui uko wapi, na alipokuja kujua, alisikia unayoyasema kila Idi. Akaogopa."

"Ameyasikia?"

"Wazanzibari wa Houston na wa Dallas wana simu, mama."

Afnan alimvuta Badria upindo. "Why is Bibi crying?"

"Ameona rafiki yake."

Muzammil aliinuka. Alipiga goti moja mbele ya Bi Nusra, akalifungua boksi. Kanga ya njano iliyofifia ilijitokeza, imefungwa fundo nne. Fundo zilikuwa zimekaza, na Badria, bila kujali mama yake anaona, alipiga magoti ubavuni mwake akamsaidia kufungua. Vidole vyao viligusana juu ya fundo la mwisho. Hakuna aliyeondoa chake haraka.

Kanga ikafunguka. Visheti, vya sukari na iliki, vimepangwa kwa mviringo mpaka juu. Na chini yao, ukingo wa sahani nyeupe, maua ya samawati, na ufa mdogo pale Badria alipoigonga kwenye ngazi akiwa na miaka minane.

"Yaa Rabbi," alisema Bi Nusra.

"Kasema nikwambie maneno haya haya," Muzammil alisema. "'Mwambie Nusra nimechelewa. Idi njema.'"

Hapo Bi Nusra alilia kwa sauti, bila kujificha, na katikati ya kilio akachukua kisheti kimoja, akakitafuna, akalia tena. "Bado anazidisha sukari, mjinga huyu," alisema na mdomo umejaa. Badria akaanza kucheka. Muzammil akafuata. Afnan, aliyekuwa haelewi kitu, alicheka kuliko wote na kuiba visheti viwili.

Lakini Bi Nusra hakuwa mtu wa kulainika moja kwa moja. Alijipangusa macho, akaketi wima, akarudisha sauti yake ya wakwe.

"Sasa niambie, kijana. Tuseme nimekubali. Sijakubali! Tuseme tu. Idi mtasali lini?"

Badria alijua hilo swali lingekuja. Wamelizungumza usiku mwingi, wakalikimbia kila mara.

Muzammil alimtazama Badria kwanza, kisha mama. "Siwezi kukudanganya, mama. Mimi namfuata baba kwenye mwezi. Ukila Idi wewe kabla yetu, mimi nitakuwa nimefunga."

"Enhe?"

"Lakini nitakuja. Nitakaa nawe sebuleni mchana mzima, nitapokea wageni wako, nitanusa pilau yako nikivumilia. Na magharibi ikiingia, uniwekee sahani yangu. Kesho yake wewe na Badria na Afnan mje Houston, mle Idi ya pili kwa mama."

"Na Ngwali akinifungulia mlango?"

"Nitafungua mimi."

Bi Nusra alimtazama kwa muda. Alimtazama na bintiye, aliyekuwa bado amepiga magoti, uso umewaka kama msichana aliyepewa tofaa sokoni. Kisha akainuka, akaichukua sahani, akaenda jikoni.

"Amekasirika?" Muzammil alinong'ona.

"Sijui," Badria alinong'ona pia. "Akikasirika huwa anafunga makabati kwa nguvu. Sikiliza."

Wakasikiliza. Makabati yalifunguliwa polepole, yakafungwa polepole. Maji yakatiririka. Sahani ikafutwa.

"Badria."

"Naam?"

"Ukicheka pua yako inakunjana kama zamani."

"Nyamaza, mama anasikia!"

"Nasikia!" ilitoka sauti jikoni.

Bi Nusra alirudi. Visheti vilikuwa vimehamia bakulini, na ile sahani ya maua ilikuwa imejaa upya, sambusa kwa mviringo na vipande vya mkate wa kumimina katikati, vikiwa bado vya moto. Aliifunika kwa kanga ile ile ya Zuwena, akafunga fundo nne. Badria alisimama. Kwa hili halikuhitajika neno lolote. Mtu anayetaka kuachana na watu hawapelekei sahani ya mama yake.

"Mpelekee mama yako," Bi Nusra alimwambia Muzammil, akimkabidhi kwa mikono miwili. "Mwambie Nusra amesema sambusa ziliwe leo, zisilale. Na akija na wazee wake, apige simu kwanza, nipate kuning'iniza pazia."

Muzammil naye aliipokea kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa tu. Badria alimsindikiza mpaka kwenye gari, hatua za kuvuta vuta, mabega yao yakikaribiana kila baada ya hatua mbili tatu. Muzammil aliiweka sahani kwenye kiti cha mbele, akaifunga mkanda. Walisimama wakitazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwaheri.

Ndipo Afnan, aliyekuwa akiwafuata pekupeku na sukari mdomoni, mtoto asiyejibu kwa Kiswahili hata akibembelezwa, akaingiza kichwa dirishani mwa gari, akaitazama ile kanga ya njano, akasema kwa sauti:

"Anko, uirudishe sahani yetu."